Vitabu viko kwenye rafu, lakini katalogi haivioni

Swali

Ninatunza maktaba ya chuo kimoja hapa Lubumbashi. Tuliingiza vitabu vyote, pamoja na TFC (kazi za mwisho wa masomo) na memwari za wanafunzi, kwenye PMB, programu yetu ya katalogi. Lakini mwanafunzi akiandika "Gécamines" anapata vitabu vichache, na mimi najua tuna rafu nzima ya historia ya kampuni hiyo. Akiandika "histoire Katanga" anapata kurasa na kurasa, na vya maana vimejificha mwishoni. "Mais Katanga" inaleta sheria na ramani. Na anayeandika kwa Kiswahili hapati kitu kabisa. Mkurugenzi anataka tubadilishe programu. Tuanzie wapi?

Jibu

Mama, kabla ya yote mwombe mkurugenzi asubiri kidogo. Mengi ya haya uliyoyataja yatahama pamoja nanyi hata mkienda kwenye programu mpya, kwa sababu hayatoki kwenye programu. Yanatoka kwenye fishi zenyewe, yaani yale maandishi mliyoyaingiza kwa kila kitabu.

Kisanduku cha kutafutia kinafanya kazi moja: kinachukua herufi alizoandika msomaji na kuzilinganisha na herufi zilizomo kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno ambayo programu imeyatoa kwenye fishi. Hakijui kwamba Jadotville ndiyo Likasi. Hakijui kwamba anayeuliza habari za lupango, yaani kiwanja, anauliza sheria ya ardhi. Neno lisipokuwemo kwenye fishi, hakuna programu itakayolitoa humo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua wasomaji wenu wanaandika maneno gani, ya pili ni kuyaweka maneno hayo mahali ambapo katalogi inaangalia. Mipangilio ya mashine inakuja baadaye, na nayo nitaieleza, maana shida ya "mais" iko huko.

Weka daftari kwenye meza yako. Mwanafunzi akija kukuambia "sikupata kitu", kabla hujamsaidia muulize aliandika nini, kisha uandike herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake ya tahajia. Usisahihishe. Kando yake andika kitabu ulichompa mwishowe baada ya kwenda naye kwenye rafu. Kama anayeshughulikia seva yenu anaweza kuwasha kumbukumbu za utafutaji, mwombe pia orodha ya maneno yaliyoleta sifuri. Lakini daftari lina kitu ambacho orodha ya mashine haina: jibu sahihi. Wewe ndiye uliyejua kwamba kwa neno lile kitabu kilikuwa kile, na ujuzi huo ndio tunaotaka kuuhamishia ndani ya katalogi. Baada ya muda mfupi utaona maneno yale yale yanarudi. Anza na hayo.

Majina yaliyobadilika

Gécamines ilianza mwaka 1906 kwa jina la Union minière du Haut-Katanga. Serikali ya Mobutu ilipoitaifisha mwanzoni mwa 1967 ikawa Gécomin, na miaka michache baadaye ikawa Gécamines. Kitabu cha miaka ya 1950 juu ya wafanyakazi wa migodi kina "Union minière" kwenye kichwa chake, pengine "U.M.H.K." kwa nukta, pengine "UMHK" bila nukta. Mwanafunzi wako, hata kama babu yake alipokea posho ya Union minière, jina analoliandika ni Gécamines. Katalogi inamjibu kwa uaminifu: inampa vile vyenye herufi hizo, basi.

Na si kampuni peke yake. Mji wenu uliitwa Élisabethville hadi 1966, Likasi ikiitwa Jadotville na Kalemie ikiitwa Albertville. Mkoa uliitwa Katanga, kisha Shaba tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997, kisha Katanga tena, na tangu 2015 umegawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Nchi ilikuwa Zaïre kuanzia 1971 hadi 1997. Chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1956 kilimezwa na UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaïre, mwaka 1971, kikawa UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwaka 1981. Kila jina limeacha vitabu vyake kwenye rafu zenu. TFC ya 1985 juu ya kilimo cha Shaba ni TFC juu ya Katanga, ila anayeandika Katanga hataiona kamwe. Sijui mji mwingine wa nchi hii ambao katalogi yake inahitaji kazi hii kuliko Lubumbashi, kwa sababu migodi ilizaa karatasi nyingi sana katika kila kipindi cha majina hayo.

Msishawishike kubadilisha vichwa vya vitabu. Kichwa kinanakiliwa kama kilivyo kwenye ukurasa wa kitabu, kwa kuwa mtu mwenye rejeo mkononi atatafuta maneno yale yale aliyoyaona. Njia sahihi ni fishi za majina rasmi, zile ambazo PMB inaziita "autorités". Unachagua umbo moja la jina, halafu maumbo mengine yote unayaandika chini yake kama maumbo yaliyokataliwa. Katika UNIMARC, yaani mfumo unaozipa sehemu za fishi namba, maumbo yaliyokataliwa yanakaa kwenye sehemu zinazoanza na 4, na majina ya jirani yanakaa kwenye zile zinazoanza na 5. Tofauti hiyo ina kazi yake. "Élisabethville" na "Elisabethville" ni maumbo mawili ya jina moja, kwa hiyo la pili linaenda kwenye 4. Union minière na Gécamines ni vyombo viwili vilivyofuatana. Kila kimoja kina fishi yake, na 5 inamwelekeza msomaji kutoka kimoja hadi kingine. Mwanahistoria atawashukuru kwa kutovichanganya.

Kwa mada, nadhani mnafuata RAMEAU, orodha inayotunzwa na maktaba ya taifa ya Ufaransa. Ni orodha nzuri, lakini tazama umbo la nchi yetu humo: "Congo (République démocratique)". Sijaona mwanafunzi wa Lubumbashi anayeandika hivyo. Anaandika RDC, au RD Congo, au Kongo. Herufi R, D na C hazifuatani popote ndani ya umbo lile, kwa hiyo mkitumia RAMEAU bila kuongeza "RDC" kama umbo lililokataliwa, vitabu vingi vya nchi hii vitakuwa gizani kwa watu wa nchi hii. Ingiza pia "Zaïre", "Zaire" na "Congo belge".

Hapa kuna mtego unaovunja moyo watunza maktaba wengi. Wanafanya kazi yote hiyo ya majina rasmi, halafu kisanduku cha kutafutia hakiyasomi maumbo yaliyokataliwa. Kinasoma umbo lililochaguliwa tu. Katika Koha, programu nyingine ya maktaba, kuna chaguo linaloitwa IncludeSeeFromInSearches. Likiwa limezimwa, kazi yenu haionekani. Mkiliwasha ni lazima faharasa iundwe upya. Kwenye PMB yenu, msikisie, pimeni. Chukua mada moja yenye vitabu kadhaa, uiongezee umbo lililokataliwa ambalo halipo duniani, kama "zubakatuli". Unda faharasa upya, kisha utafute "zubakatuli" kama msomaji wa kawaida. Vitabu vikija, programu inasoma maumbo hayo, na unaweza kufuta neno hilo na kuendelea kwa amani. Visipokuja, maneno hayo inabidi yaingie kwa mlango mwingine: ama kwenye orodha ya visawe ya programu, ama moja kwa moja kwenye fishi ya kitabu, katika sehemu ya 610, ambayo UNIMARC imeiacha wazi kwa maneno huru. Wataalamu wengine hawaipendi 610 kwa sababu haina nidhamu. Mimi naipenda kwa sababu inafanya kazi leo, na mwanafunzi wako ana mtihani wiki ijayo.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu ule ule. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941, yuko kwenye vitabu kama Valentin-Yves Mudimbe na pia kama Vumbi Yoka Mudimbe, kwa sababu mwaka 1972 siasa ya "authenticité" iliondoa majina ya Kikristo. Fishi moja, maumbo yote. Na kwenye TFC, angalieni msigeuze majina. Mwandishi anayeitwa, tuseme, Ilunga Mwamba Joseph anatafutwa kwa Ilunga. Programu inayouliza jina na jina la ubatizo ilifikiriwa kwa watu wa Ulaya, na mwenye haraka huishia kuandika "Joseph, Ilunga Mwamba" au "Mwamba, Ilunga". Ilunga Mwamba yote mawili yaingie kwenye kisanduku cha jina, Joseph peke yake kwenye kile kingine.

Mahindi, dhahabu na apostrofi

Sasa "mais". Kwa Kifaransa "maïs" ni mahindi, na "mais" ni "lakini". Hili ni la mashine kweli. Programu ya Kifaransa huwa na orodha ya maneno tupu, "mots vides": le, la, de, et, dans, mais. Yanatupwa kabla ya kutafuta, kwa sababu yamo kila mahali na hayasaidii. Mwanafunzi wa kilimo anaandika "mais Katanga" kwenye simu, bila zile nukta mbili za juu ya i. Mashine inaona kiunganishi, inakitupa, inabaki na "Katanga" peke yake. Ndiyo maana anapata sheria na ramani. Hata aliyeandika "maïs" vizuri anaweza kuumia: kama programu inaondoa alama za juu ya herufi kwanza, halafu ndipo inachuja maneno tupu, "maïs" inageuka "mais" na kutupwa pande zote mbili, kwenye swali na kwenye faharasa. Hapo kitabu hakipatikani kwa tahajia yoyote. Dawa ni kulifuta "mais" kwenye orodha ya maneno tupu na kuunda faharasa upya. Kiunganishi hicho ni adimu kwenye vichwa vya vitabu, na chakula cha Katanga nzima hakiwezi kutupwa kwa ajili yake.

Pitieni orodha yote ya maneno tupu kwa jicho hilo. Hamtakuta mengi ya hatari, ila "or" liangalieni sana. Katika mji wa migodi, "or" ni dhahabu. Lakini programu kadhaa zimerithi desturi ya Kiingereza, ambako neno hilo ni amri ya "au". Mwanafunzi anaandika "exploitation or Kivu", programu inasoma "exploitation au Kivu", na majibu yanafurika. Zaidi ya hapo, mfumo ukiwa umepangwa kuongeza nyota ya kukatia (*), inayokubali herufi zozote zinazofuata, mwishoni mwa kila neno bila kuulizwa, "or" inaleta organisation, orphelin na ordinateur. Zimeni ukataji huo wa moja kwa moja angalau kwa maneno yenye herufi chini ya nne.

Halafu kuna "d'or". Faharasa nzuri inatenganisha d' na or. Faharasa isiyopangwa inaweka neno zima "d'or", na anayetafuta "or" hagusi kitabu kinachoitwa "Les mines d'or". Pimeni na apostrofi za aina mbili, ile iliyonyooka na ile iliyopinda, kwa sababu TFC nyingi huingizwa kwa kunakili kutoka faili la Word, na Word hupinda apostrofi zake. Kwa jicho ni kitu kile kile. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Kistari cha "Haut-Katanga" mkipime kwa njia hiyo hiyo.

Kwa nini "histoire Katanga" inafurika

Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Uingereza, alieleza wazo ambalo injini za kutafutia zinalitumia hadi leo: neno adimu katika mkusanyiko lipewe uzito mkubwa, neno lililotapakaa lipewe uzito mdogo. Katika maktaba ya Bruxelles, "Katanga" ni neno adimu na linachuja vizuri. Kwenu limetapakaa. Kwa mashine yenu limekaribia kuwa neno tupu, na "histoire" liko karibu nalo. Uadimu hauwezi kuwasaidia hapa. Kinachobaki ni mahali neno lilipokaa.

Fungua fishi ya TFC yoyote na usome kila kitu kilichomo. Katika UNIMARC, sehemu ya 328 inabeba maelezo ya kazi ya shahada: chuo, kitivo, idara, mwaka. Humo mmeandika "Département d'histoire" na jina la chuo. Pengine kwenye sehemu ya mchapishaji pameandikwa mji na mkoa. Kama kisanduku cha "tous les champs" (sehemu zote), au kwa vyovyote kinavyoitwa kwenye skrini yenu, kinasoma sehemu hizo sawasawa na kichwa, basi kila TFC iliyowahi kutetewa kwenye idara ya historia inajibu "histoire", hata ikiwa inazungumzia biashara ya samaki ya Bangweulu. Ninaamini huu ndio mzizi wa kurasa zako nyingi. Toa 328 na sehemu ya mchapishaji kwenye utafutaji wa jumla, au zipe uzito mdogo kuliko zote. Msomaji anayetaka TFC za idara fulani apewe kisanduku chake maalumu.

Kisha panga uzito: kichwa na mada juu, muhtasari na yaliyomo katikati, maelezo mengine chini. Usinidai namba kamili, kwa sababu zinategemea fishi zenu. Kama kichwa na mada zina uzito mara kadhaa kuliko muhtasari, mko mahali pazuri pa kuanzia. Hakikisheni pia kwamba maneno mawili yanatafutwa kwa "na", si kwa "au". Ni ajabu jinsi chaguo hilo moja linavyosahaulika.

Mkishapanga uzito ndipo mnaweza kuongeza maneno bila hofu. Sehemu ya 330 ni ya muhtasari, 327 ni ya yaliyomo. Kitabu cha makala kumi juu ya miji ya Katanga, chenye kichwa cha maneno matatu, kinaweza kupatikana kwa milango kumi mkiandika vichwa vya makala hizo kwenye 327. Kwa TFC, nakili muhtasari wa mwandishi mwenyewe. Najua mko wachache na kazi ni nyingi. Kwa hiyo msianze na vitabu vya Paris, ambavyo maktaba nyingine duniani zimekwisha kuvieleza na fishi zake zinaweza kuchukuliwa. Anzeni na vile ambavyo viko kwenu tu: TFC, memwari, ripoti za kampuni, vijitabu vya misheni. Msipovieleza ninyi, hakuna mwingine atakayevieleza.

Ila kila neno mnaloongeza lina gharama. Cyril Cleverdon, mtunza maktaba wa chuo cha Cranfield, Uingereza, alipima jambo hili katika miaka ya 1960 na kuonyesha kwamba ukipanua wavu ili usikose samaki yeyote, utavua na takataka. Ukiukaza, utawakosa wengine. Hakuna mpangilio unaoshinda pande zote mbili. Mnachagua mahali pa kusimama, na kwa chuo chenye mkusanyiko wa kadiri kama wenu, mimi ningeelemea upande wa kutokosa, mradi vile bora vitokee juu.

Anayeandika kwa Kiswahili

Hapa ndipo ninapoomba mkae zaidi, kwa sababu programu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya lugha yetu. Kifaransa hubadilika mwishoni mwa neno: mine, mines, minier, minière. Programu zikafundishwa kukata mwishoni, na nyota ya kukatia ikawekwa mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Kilimo, mkulima, wakulima, kulima: msomaji anaona ukoo mmoja, faharasa inaona maneno manne yasiyojuana. Anayeandika "ugonjwa" hapati "magonjwa". Nyota haimsaidii hata kidogo.

Habari njema ni kwamba vitabu vya Kiswahili kwenye chuo cha Lubumbashi si vingi kiasi cha kushinda mkono wa mtu. Kwa kila kimoja, andika kwenye 610 umoja na wingi wa majina makuu ya kichwa, na jina la mtendaji kama lipo. Ni dakika chache kwa kitabu. Hapo hapo angalia sehemu ya 101, ya lugha: alama ya Kiswahili ni "swa". Fishi mpya mara nyingi hufunguka ikiwa tayari imejazwa "fre", na anayeingiza kwa haraka anaiacha hivyo. Matokeo yake msomaji anachagua "vitabu vya Kiswahili", na vitabu vya Kiswahili vinajificha kwa sababu vimeandikishwa kuwa vya Kifaransa.

Kuna pia Kiswahili cha kwetu chenyewe. Mtoto wa Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, anasema bunga, bulongo, bugonjwa. Vitabu vilivyotoka Dar es Salaam na Nairobi vinasema unga, udongo, ugonjwa. Hakuna sababu ya kumsahihisha mtu kwenye kisanduku cha kutafutia. Weka maumbo yote mawili kwenye visawe, apate kitabu chake, aende.

Lakini mara nyingi anayeandika kwa Kiswahili hatafuti kitabu cha Kiswahili. Anatafuta kitabu chochote juu ya jambo analolijua kwa jina la nyumbani, na kitabu hicho kiko kwa Kifaransa. Anaandika "lupango", kitabu kinasema "droit foncier" au "parcelle". Anaandika "mahindi", kitabu kinasema "maïs". Hata Kifaransa cha mtaani kina pengo hilo hilo: kila mtu anawaita wachimbaji wadogo "creuseurs", ilhali sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema "exploitation artisanale", na mada rasmi hufuata lugha ya sheria. Daftari lako ndilo litakalokupa orodha hii. Kila jozi unayoikuta humo, neno la msomaji na neno la kitabu, iingize kwenye visawe.

Jihadhari na mwelekeo wa visawe. Vingine vinakwenda pande mbili bila madhara: creuseurs na exploitation artisanale. Vingine vikienda pande mbili vinaharibu. Chukua "shaba". Ni madini, na ilikuwa mkoa. Mkiandika kwenye visawe kwamba Shaba, Katanga na "cuivre" ni kitu kimoja, kila atakayetafuta historia ya Katanga ataletewa vitabu vya kuyeyusha madini. Mkoa wa Shaba uunganishwe na Katanga kwenye fishi rasmi ya mahali, ambapo hauwezi kuchanganywa na madini. Na "shaba" kwenda "cuivre" iwe njia ya kwenda tu, bila kurudi.

Msisahau namba za Dewey, yaani namba za mada, ambazo tayari mmezibandika kwenye migongo ya vitabu. 633.15 ni mahindi, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. 622 ni uchimbaji wa migodi, 496.392 ni lugha ya Kiswahili, 967.51 ni historia ya nchi yetu. Kama fishi ya kitabu inaonyesha namba hiyo kwa namna ambayo msomaji anaweza kuibofya na kuona jirani zake wote, basi aliyepata kitabu kimoja kwa bahati amepata rafu nzima. Wengi wa watakaoshindwa na maneno wataokolewa na hapo.

Kabla ya kugusa chochote

Kutoka kwenye daftari, chagua utafutaji ishirini au thelathini, na kwa kila mmoja andika vitabu viwili au vitatu ambavyo lazima vionekane kwenye ukurasa wa kwanza. Piga zote leo, uandike vilivyoonekana. Kisha badilisha kitu kimoja: leo maneno tupu, kesho uzito, siku nyingine visawe. Unda faharasa upya na upige zote tena. Mkibadilisha matatu kwa mara moja, hamtajua lipi lilisaidia na lipi liliharibu. Kazi ya kuunda faharasa msiianze bila nakala ya akiba ya data, na msiianze siku ambayo umeme unayumba, maana ikikatika katikati mnaweza kubaki na katalogi nusu hadi muianze upya.

Nirudi sasa kwa mkurugenzi. Kubadilisha programu kuna haki kama vipimo vyenu vikionyesha kwamba hii mliyo nayo haiwezi kusoma maumbo yaliyokataliwa, au hairuhusu kugusa maneno tupu na uzito, hata baada ya kuipandisha kwenye toleo jipya. Koha, iliyozaliwa katika maktaba ya Horowhenua, New Zealand, na kuanza kazi Januari 2000, ni programu huria kama PMB, na inakubali UNIMARC. Mnaweza kwenda huko. Lakini fishi za vitabu na fishi za majina rasmi huhamishwa kwa mafaili tofauti, na katika uhamaji mwingi ni zile za vitabu tu zinazosafiri. Kabla ya kusaini na fundi yeyote, andikeni kwenye mkataba kwamba majina rasmi yote, pamoja na sehemu zake za 4 na 5, na orodha ya visawe, vitahamishwa, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya utafutaji wenu thelathini kupigwa kwenye programu mpya.